Shuka la Mwali na Meno ya Cherehani

Sindano ya cherehani ikivunjika hulia tak!, mlio mfupi kama mfupa wa kuku. Juzi huko skuli sindano ilimvunjikia mwanafunzi wa mbele yangu, wenzangu wote wakacheka. Mimi nilikunja vidole nikavificha kwapani. Nina miaka kumi na saba na si mtu wa kusema mbele za watu, ndiyo maana nakuandikieni nyinyi.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikikaa Wete kwa shangazi yangu, Bi Time, aliyekuwa akidarizi mashuka ya maharusi: mawaridi mekundu, majani ya kijani, na jina la mwali katikati. Cherehani yake ilikuwa nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, inanuka mafuta na chuma cha moto, nami nikiiogopa kama mbwa aliyefungwa kwa kamba fupi. Ilikuwa na meno. Siku ya kwanza shangazi aliniinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kugusa bati la chini ya sindano, akazungusha gurudumu kwa mkono, pole pole.

"Yaone hayo."

Nikayaona. Safu mbili za meno madogo ya chuma ndani ya mianya ya bati, chini ya mguu unaokandamiza nguo. Sindano ikipanda, yanachomoza, yanaiuma nguo kwa chini, yanaisukuma nyuma hatua moja. Kisha yanazama, yanarudi mbele kwa kificho, yanachomoza tena. Sindano ikishuka kudunga, meno yashazama na nguo imetulia.

"Meno ndiyo yanayokwenda na nguo," alisema. "Mkono wako wa kuonyesha njia tu. Ukivuta na sindano imo ndani, itapinda, itapiga bati, itakatika. Na miye nitakukata weye."

Hakuwa akitania. Kila nilipovuta, rula ya mbao ilinishukia juu ya vifundo vya vidole. "Mkono haufunzwi kwa halua," akisema. Nilivimba, nililia chooni, lakini nilijifunza, na ikafika siku nikapinda foronya nzima bila ya kuguswa. Siku hiyo akaniachia kiti chake. Hamjui nilivyokitaka kiti kile. Kwengine kote nilikuwa mtoto asiyesikika. Pale nikikanyaga, nyumba nzima ilisikia.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Bi Riziki, mama wa mwali mmoja, alikuja na dada yake kutoka Kojani kuchukua shuka la binti yake. Harusi ilikuwa kesho yake. Mawaridi yalikuwa tayari, limebaki pindo la upande mmoja. Adhana ya alasiri ikalia. Shangazi akalitoa shuka kwenye duara la kudarizia, akaurudisha ule mguu wa kukandamiza nguo, akaniita.

"Mize, malizia pindo. Kosea tu, utanijua."

Akaenda kutawadha. Nikakaa, wageni wakinitazama. Nikakanyaga. Nguo haikwenda. Sindano ikadunga pale pale, mara kumi, mara ishirini, uzi ukajikusanya ukawa donge. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Pale pale.

"Hiyo inashona au inatwanga?" Bi Riziki akauliza, dada yake akaangua kicheko.

Masikio yaliniwaka. Kumwita shangazi nisingeweza, yuko kwenye sala. Kuacha nisingeweza, kiti kingeondoka. Nikavuta.

Tak!

Kipande cha sindano kilipita kwenye ukucha wa kidole cha shahada kikatokeza upande wa pili. Nilipiga ukelele ambao sikujua kuwa ninao. Nikaukung'uta mkono, damu ikaruka juu ya mawaridi, juu ya jina la mwali.

Bi Riziki alilirukia shuka, si mimi. "Damu! Damu kwenye shuka la mwanangu kabla ya nikaha! Kisirani gani hiki? Time! Njoo uone mtoto wako kafanya nini!"

Shangazi akatoka mbio na kanga zake za sala. Bi Riziki akamkamata kanga shingoni akamtikisa. Shangazi akamsukuma hadi ukutani. Kiti kikapinduka nami nikaenda chini. Shuka likavutwa huku na huku mpaka likapasuka kati. Kisha shangazi akaiangalia cherehani, akainyakua rula, akanigeukia.

Alinipiga mabegani, mapajani, kwenye mkono ule ule wenye sindano. "Nshakwambia usivute! Nshakwambia!" Rula ikavunjika, akaendelea na kipande. Baadaye alinikalia kifuani akaing'oa sindano kwa koleo. Bi Riziki akaondoka na shuka jengine lililokuwa kabatini, lisilo na jina bado.

Miaka saba sikukigusa kile kiti. Niliamini nina mkono mbaya, na wageni waliambiwa hivyo hivyo mbele yangu.

Mwaka jana macho ya shangazi yalipoanza kufifia, aliniita tena, safari hii kunifunza kudarizi. Akaupeleka mkono wangu chini ya cherehani mpaka nikagusa kifundo cha chuma.

"Zungusha huku, meno yanashuka, hayapandi tena. Nguo utaipeleka mwenyewe kwa mikono, upendapo. Ukimaliza, yarudishe juu kabla hujashona pindo. Zungusha gurudumu kwanza uyaone yanachomoza. Usisahau."

Neno la mwisho halikutoka vizuri. Nikabaki na kidole juu ya kifundo.

"Shangazi, siku ile meno yalikuwa chini."

Akalamba ncha ya uzi. "Yalikuwa chini."

"Ulijua lini?"

"Nilipoliona lile donge la uzi. Kabla sijashika rula." Akaupeleka uzi kwenye tundu la sindano, ukakosa. "Ningewaambia nini watu wa Kojani? Fundi kasahau meno? Nani angeniletea shuka tena? Kipigo cha mtoto hupoa, mwanangu."

Nilishona mpaka magharibi, na meno nikayarudisha juu.

Kipo kitu nilichokiona siku ile, na hapo juu nimekiruka kwa sababu wakati ule sikuwa nikiijua maana yake. Kila rula iliposhuka, shangazi hakunitazama mimi. Alimtazama Bi Riziki usoni. Nilidhani anaona haya kuniangalia. Kumbe akingoja uso wa yule mama uridhike, na uso ule ulichelewa sana kuridhika.