Daktari Aliyekuwa Ng'ambo ya Mto

Mama yangu alianguka bafuni mara mbili wiki ile, hapa Lewisville, Texas, na daktari pekee aliyemwelewa alikuwa jimbo jirani la Oklahoma. Ni Mkongo, humhudumia kwa Kiswahili kwa simu ya video. Lakini sheria haijali daktari yuko wapi. Inajali mgonjwa yuko wapi, na leseni ya daktari ya kutibu Texas ilikuwa bado kwenye foleni. Wanasema ipo njia ya haraka kwa majimbo yaliyokubaliana. Ilimdai cheti cha ubingwa ambacho hana. Haraka ya nani, basi?

Kila simu yake huanza na swali moja: mgonjwa yuko wapi sasa hivi?

"Sema uko Oklahoma," nilimwambia mama. "Nani atakuona?"

"Kwenye kambi ya wakimbizi nilidanganya umri ili tuandikwe pamoja na shangazi yako. Mpaka leo natembea na miaka ya mtu mwingine. Sidanganyi tena mtu mwenye kalamu. Washa gari."

Nikawasha. Karibu saa nzima kuelekea kaskazini niliwatukana wabunge, bodi ya leseni, hata mto wenyewe wa mpakani, naye kashika rozari akiniambia nipunguze mwendo. Tulipovuka daraja niliegesha kwenye kituo cha mafuta cha kwanza, kando ya mapipa ya taka.

"Uko wapi, mama?" daktari akauliza.

Akageuza simu amwonyeshe bango la Oklahoma. "Kwenu, dokta. Hata uvundo ni wa kwenu."

Daktari alicheka, kisha akaomba aonyeshwe chupa za dawa, moja moja. Kwenye ya tatu akamrudisha kwenye ya kwanza. Ilikuwa dawa ileile ya presha kwa majina mawili, imeandikwa na kliniki mbili za Dallas. Zote mbili zimetundika leseni za Texas ukutani, ndani ya fremu.

"Hii ya tatu acha leo, mama. Unameza dozi mbili, ndiyo maana unaanguka."

Mama alimbariki, akakata simu. Nikawasha gari kurudi Texas. Nilikuwa na hasira kuliko wakati wa kwenda.

Tulikuwa tumeshamaliza daraja aliponigusa mkono.

"Sikumuuliza. Nikianguka tena, je?"

Simu ilikuwa mapajani mwake. Nikaanza kutafuta pa kugeuzia gari.