Rivolva ya Patroni Ilivyopanda Bei

Mafuta ya kulainisha mashine ya kunyolea yana harufu ambayo wengi wenu hamuijali. Ni harufu nyepesi, ya chuma na ya utamu kidogo, na ikishika vidoleni haitoki hata uoshe kwa sabuni ya unga. Mimi nainusa kila asubuhi hapa saluni Cato Manor, kabla mteja wa kwanza hajakaa, na kila asubuhi namwona mama yangu amepiga magoti kwenye zulia la mzungu, anapangusa bastola.

Msishtuke. Hatukuwa majambazi. Tulikuwa Wakongo wawili, mama na mtoto, kwenye chumba cha uani nyuma ya nyumba ya Wahindi kule Sydenham. Mama alitoka Uvira nikiwa mgongoni mwake, akapata kazi ya kusafisha nyumba Queensburgh kwa mzee mmoja mzungu, mgane, aliyeitwa Mister Len. Mama alimwita Patroni, kama mabosi wanavyoitwa kwetu. Shule zikifungwa alinichukua, maana hakuwa na wa kumwachia.

Kila Ijumaa, sakafu zikishakauka, Patroni alifungua kabati la chuma, akatandika kitambaa cha njano mezani na kuweka juu yake rivolva, ili mama apige magoti pale zuliani aipanguse kwa mafuta yenye harufu hii hii. Ilikuwa ya mtindo wa zamani: kila risasi lazima kwanza uvute nyundo yake nyuma kwa kidole gumba, ndipo ubonyeze. Usipovuta, haifanyi kitu. Alinifundisha hayo kwa subira, kana kwamba siku moja ningeyahitaji. Ikivutwa ilisema kla-kla-kla-kla. Haikuwa na risasi, ila Patroni alipenda kuivutia mgongoni kwa mama akiwa ameinama. Mama, aliyekwisha kusikia milio ya namna hiyo Uvira kwa watu wasiotania, alishtuka kila mara. Patroni alicheka, na mama naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo.

Kisha ikaja habari ya bei. Patroni aliinunua ujanani kwa pesa ya jozi ya viatu vizuri, hivyo ndivyo alivyosema. Kila mwaka mpya alipiga simu kwa watu wanaouza silaha za kale, akarudi mezani anang'aa uso. "Twenty-two thousand rand, Mama!" Mwaka uliofuata, "Thirty-one!" Alitueleza sababu kwa furaha: wazee wenzake wanakufa, watoto wao wanazipeleka bunduki polisi zikayeyushwe, zinazobaki zinagombaniwa. Alinitaka nikisie bei, nikipatia anipe peremende. Nilitaja namba kubwa kuliko zote nilizozijua, ambayo ilikuwa bei ya friji ya mwenye nyumba wetu, na Patroni akapiga meza kwa kicheko. Sikuwahi kupatia. Bunduki ilitoka kwenye friji, ikapita makochi, ikawa inaelekea kwenye gari. Mshahara wa mama ulikaa pale pale ulipokuwa. Nadhani hakuna aliyempigia mtu simu kuuulizia.

Na kila akishatangaza bei, Patroni alimtazama mama anavyosugua, akasema kwa sauti ya upole ambayo hakuitumia kwa kitu kingine: "She appreciates, Mama. You look after her, and she appreciates."

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo tulipopotea. Patroni aliiita bunduki yake "she", kama wanaume wengine wanavyoita gari lao. Mama alikiokota Kiingereza kwenye taxi na sokoni, na "he" na "she" hakuwahi kuvitenganisha. Kwetu yeye ni yeye, awe na ndevu asiwe nazo. Lile neno la pili ndilo halikumpa shida hata kidogo, kwa sababu alilijua tangu shuleni kwa Kifaransa: apprécier, kumthamini mtu, kuiona kazi yake. Hakujua kwamba kwa Kiingereza ni pia kitu kupanda thamani. Basi yeye alisikia: anakuthamini.

"Umesikia?" aliniambia tukirudi nyumbani, uso umemchangamka. "Patroni ananiapprécier. Kila mwaka anazidi."

"Sasa atakupa nini?"

"Weye mutoto, muntu akikuapprécier hakupi leo. Anakuwekea."

Rafiki yake Mama Neema, waliyetoka naye Uvira, alipata kontena la saluni hapa Cato Manor, akataka waingie wawili, nusu kwa nusu. Mikono ya mama kwa kusuka ilijulikana na Wakongo wote wa mjini. Hilo ndilo alilolitaka maishani, kiti chake mwenyewe na kioo mbele yake.

"Dada, ngoja kidogo," mama alimwambia. "Patroni iko na kitu ananiwekea. Nikitoka sasa, napoteza yote."

"Alikuambia na kinywa yake?"

"Kila mwaka anasema."

"Eish. Sawa, nitangoja."

Mama Neema aliuliza tena mwaka uliofuata, akajibiwa vile vile. Baada ya hapo hakuuliza. Alimchukua mwanamke mmoja wa Kigoma.

Nilikuwa na miaka kumi Patroni alipotangaza kwamba anahamia Australia kwa binti yake na kwamba bunduki anaiuza. Mama alipata habari hiyo kama mwanafunzi anayeitiwa matokeo. Ijumaa ile alikaanga beignets, maandazi ya kwetu ya kupaka sukari, akavaa kitenge cha kanisani, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa. Mnunuzi alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu. Alikula beignets za mama, akaivuta nyundo, kla-kla-kla-kla, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakapeana mikono kwa sixty thousand. Mama alisimama mlangoni na mikono imekunjwa mbele, anangoja. Alipoona sanduku linataka kufungwa, akasogea na kusema Kiingereza alichokuwa amekifanyia mazoezi wiki nzima:

"Patron, you say she appreciate. Every year. Me, I wait."

Patroni hakuelewa. Kisha akaelewa. Alicheka mpaka akashika kiti. Alimweleza mnunuzi, na mnunuzi naye akaziba mdomo, beignet ingali humo. Nao walipopumua, Patroni akanigeukia mimi, anafuta macho. Akaniambia nimweleze mama yangu kwamba alikuwa anasema juu ya bunduki.

Nilitafsiri. Nilisimama wima kama darasani. "Mama, anasema hakukuwa anakusema weye. Anasema ni bunduki. Bei yake ndiyo inapanda."

Mama alitazama mezani. Halafu akacheka, akiwa amechelewa kidogo, kama siku zote. Akauliza kama aipanguse mara ya mwisho, kwa sababu mgeni ameacha sukari kwenye mpini. Akaipangusa.

Nisimsingizie Patroni kwamba alimwacha mikono mitupu. Alimpa kile kitambaa cha njano na kopo la mafuta lililobaki chini kidogo, akasema yanafaa kwa cherehani. Hatukuwa na cherehani. Kwenye taxi mama alilipakata kopo mpaka Sydenham. Jumatatu akaenda kwa Mama Neema, na kwa miaka mingi alifagia nywele chini ya kiti cha yule mwanamke wa Kigoma, mikono ile ile ikishika ufagio.

Mwezi uliopita mteja mmoja alinionyesha kwenye simu rivolva ya aina ile ile, akapiga mluzi kwa bei yake. Bado inapanda. Sikumwambia mama. Siku hizi yuko nyumbani, magoti yamekwisha, na ana tabia moja iliyonichekesha kwa muda mrefu: nikisimulia jambo kwa Kiingereza, ananikatiza. "Ngoja. Ni he ao ni she? Ao ni kitu?" Nilidhani ni uzee.

Utotoni niliamini ubaya wa siku ile ulikuwa kicheko cha wale wanaume. Sasa najua kwamba kicheko angekibeba. Nusu ya yaliyosemwa kwenye nyumba ile hakuyaelewa, na aliishi. Kiingereza kilimwachia mahali pa kujificha: angeweza kufika nyumbani, akayageuza maneno yale apendavyo, akasema Patroni amechanganyikiwa kwa safari. Mimi ndiye niliyeyasema kwa Kiswahili, kwa sauti safi, yakawa hayana pa kugeuzwa. Na niliyasema vizuri sana. Patroni alinipa peremende, ile ambayo sikuwahi kuipata kwa kukisia bei, nami niliimenya na kuila pale pale, mama akinitazama.