Matuta Sita ya Viazi

Nilivuka mpaka kuingia Tanganyika, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na cherehani ya mkono, mkeka, kanzu mbili, birika na majivuno tele. Kaka zangu kule Mombasa, mafundi nguo kama mimi, walikuwa wamezama katika makabati na masanduku. Mimi niliapa kwamba ugenini sitamiliki kitu nisichoweza kukibeba kwa safari moja. Nilipanda treni hadi Kisumu, meli hadi Mwanza, kisha mashua hadi Nkome, ambako wanawake waliokuwa wakianika dagaa walinipa pole wakidhani nimeibiwa mizigo. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Nilifikia kijiji jirani na machimbo ya dhahabu ya Geita. Mjane mmoja wa Kisukuma alinipa chumba. Watu walimwita mayu, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Siku ya pili akaniletea kuku. Nikamshukuru, nikakataa: kuku wa nini kwa msafiri? Jirani akaleta boga, nikakataa. Mwingine akataka kunichongea kitanda, nikamwambia mkeka unanitosha. Nilijiona mtu mwungwana asiyesumbua watu. Kwa kweli nilikuwa na furaha. Kufagia chumba changu kulikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Shida ilikuwa kazi. Wachimbaji na wakulima walikuja barazani kila siku, lakini kwa viraka tu, tena walisimama pale pale, mwingine ameshika mkono wa shati lake huku nikilishona. Hakuna aliyeniachia kitambaa kizima. Mwezi ukapita. Kiraka hakimlishi fundi, na nikaanza kuona nyuso za kaka zangu siku nitakaporudi mikono mitupu. Hilo lilinikera kuliko njaa.

Asubuhi moja nilimwamkia mayu shikamoo, naye akaitikia marahaba, nikamuuliza kama ushonaji wangu ni mbaya. Akanitazama kwa huruma.

"Ushonaji wako mzuri. Lakini wewe huna kuku, huna chungu, huna shamba. Ukiamka ukaondoka na vitambaa vya watu, tukutafute wapi?"

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Wepesi wangu wote ule, nilioutembeza kama nishani, wenzangu walikuwa wanauona ni mguu uliokwisha kuinuliwa.

Wiki ile kikundi cha majirani kilikuja kumlimia mayu, kwa ngoma na nyimbo, kama desturi yao. Niliomba jembe. Nikapewa nafasi ya mwisho kwenye mstari, na matuta yangu yakaenda upogo hata wanawake wakaketi chini kwa kucheka. Viganja vyangu, vilivyozoea sindano, vilitoka malengelenge kabla ya jua la saa nne. Lakini mayu aliyahesabu matuta yale, sita, akasema ni yangu. Akanipa marando ya viazi vitamu nipande mwenyewe.

Siku tatu baadaye mchimbaji mmoja aliniletea kitambaa cha suruali, akapimwa, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Nilitaka kumkumbatia. Wakafuata wengine, mpaka cherehani ikawa haipoi. Nikapokea na kuku, na boga, na kitanda kile cha kuchongwa.

Viazi vikakua. Nami nikaona jambo la ajabu: kadiri ardhi ya matuta ilivyopasuka kwa viazi kunenepa, ndivyo vitambaa vilivyopungua. Siku niliyochimba, nikagawa viazi kila nyumba, na kila nyumba ikanishukuru kwa upole unaopewa mtu anayeaga. Barazani hakuja hata mwenye kiraka.

Sikungoja kuambiwa mara mbili. Jioni ile ile nikashika jembe, nikayainua upya matuta yote sita, safari hii yamenyooka kidogo, na watu wakipita njiani wakinitazama. Mayu alisimama kando na fungu la marando kichwani, akinigawia nipande.

Kulipokucha nilimkuta barazani mzee mmoja mkulima, amenitangulia, ameshika kitambaa cheupe cha gauni la harusi ya bintiye. Nilimuuliza harusi ni lini.

"Viazi vyako vikikomaa," akasema.