Suti Niliyoshonewa Januari

Nilikuwa karani wa mkataba katika tawi la benki mjini Voi, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa Januari. Nafasi ya ajira ya kudumu ilikuwa moja, na sisi tulioitamani tulikuwa watatu. Meneja wetu hakutuficha: wakubwa kutoka Nairobi wangemchagua mmoja baada ya kongamano la mabenki la eneo letu, ambako kila mmoja wetu angesimama kueleza kazi yake. Mimi nilipangiwa kueleza jinsi tulivyowafundisha akina mama wa Makwasinyi kutumia benki kwa simu. Dakika kumi tu. Nyumbani Mwanda, mama alikuwa ameshawaambia wenzake wa kanisani waniombee, na mama yangu si mtu wa kusumbua watu na maombi kwa jambo dogo.

Halafu ikaja ile notisi ya mavazi. Sare za matawi zisivaliwe. Suti nyeusi, au samawati iliyokolea. Niliisoma kwenye simu mara nne, kana kwamba ningeisoma ya tano ningepata suti ndani yake. Kabatini nilikuwa na rinda la maua la kanisani na koti zito la baridi ya Mwanda, ambalo ukilivaa Voi watu watakuuliza unaumwa nini. Nilizunguka kwa wauza mitumba Jumamosi nzima. Mwili wangu ni mdogo; kila koti nililojaribu lilinivaa lenyewe.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Nikaenda kwa fundi mmoja karibu na soko, mzee wa familia ya Kipwani aliyeshona kwa mkono safi kuliko wote. Kosa langu ni kwamba nilimwendea Januari. Shule zilikuwa zimefunguliwa, na sare za wanafunzi zilikuwa zimemfunika hadi huoni cherehani.

"Mwanangu, nafasi sina," akasema.

Nilimsihi. Sioni haya kusema kwamba nililia, na kwamba sikulia kwa hila. Akanipima. Kitambaa nilimwachia achague mwenyewe, kwa sababu muda wa kwenda dukani sikuwa nao na akili ya kuchagua ilikuwa imenihama.

"Nitakupa kilicho bora kuliko vyote nilivyo navyo," akaniahidi. "Hakichujuki, wala hakikunjamani."

Nilikwenda kuichukua suti jioni ya mwisho. Ilinikaa vizuri mno, ila sketi ilikuwa na pindo nene ajabu kwa ndani. Nilipouliza, akacheka, akasema mkono wake umezoea kuacha nguo ya kuongezea mtoto akikua. Nikacheka naye. Shati la kuvaa ndani sikuwa nalo, akanishauri nifunge koti vifungo vyote, basi. Kwa hiyo ndani nilivaa vesti kuukuu iliyotoboka kwapani. Aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Kongamano lilikuwa katika hoteli nje kidogo ya mji. Asubuhi nilikunywa chai meza moja na meneja, nikiwa na karatasi zangu, nikajiona mtu. Tukaingia ukumbini. Mshereheshaji akatangaza kwamba kabla ya hotuba tutakaribishwa kwa wimbo na wasichana wa shule moja ya huko milimani, waliobadilishiwa sare mwaka huo.

Wakaingia wawili wawili. Samawati iliyokolea. Kola ya duara, vifungo vinne, mfuko mmoja kushoto, sketi ya marinda mawili mbele. Nilijitazama, nikawatazama. Fundi yule hakunifanyia ubaya. Alinipa kitambaa kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, na mkono wake ukashona ulichokuwa ukishona mwezi mzima.

Wasichana wawili wa mstari wa mbele waliniona, mmoja akamgusa mwenzake kiwiko. Wimbo wote sikuusikia. Nilihisi jasho likishuka mgongoni, na koti nisingeweza kulivua. Kila aliyegeuza shingo niliona ananitazama mimi. Walipomaliza kuimba nikainuka kwa kuinama, nikaenda msalani nikajifungia.

Nilijiambia ni dakika mbili tu, nivute pumzi. Mlango wa nje ukafunguliwa, wanakwaya wakaingia kunawa. Nilipojikaza nikatoka, mmoja wao akanisalimu kwa adabu kabisa.

"Shikamoo madam. Wewe ndiye mwalimu mpya?"

Nikarudi ndani nikaweka komeo. Kipaza sauti cha hoteli ile kilifika hadi msalani, na nilisikia tawi letu likiitwa. Likaitwa tena. Mara ya tatu mshereheshaji aliita jina langu kamili, la ukoo pia, na mimi nimekaa nimeshika komeo kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anayevuta upande wa pili. Halafu akaita tawi la Taveta.

Jumatatu meneja aliniita ofisini. Nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwenzangu.

"Nilikuwa nimeshawaambia ni wewe," akasema. "Walitaka tu wakuone ukisimama. Ulienda wapi?"

Nilikuwa nimeandaa uongo wa tumbo, ukanishinda. Nikamweleza yote: Januari, fundi, wasichana, mlango wa msalani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, uso wake ukizidi kuchanganyikiwa, mtu aliyekunywa chai meza moja na mimi siku ile.

"Pole sana," akasema hatimaye. "Kwani ulikuwa umevaa nini?"