Shali Nyeusi Chini ya Dirisha

Elimu yangu ya chuo kikuu niliipata Flagey, mtaa mmoja wa huku ughaibuni, nikiosha vyombo kwenye mkahawa wa maman mmoja Mreno. Miaka hiyo ya tisini alikuwa na kaseti moja tu ya video, filamu ya zamani ya kwao, isiyo na rangi, na kila alasiri wateja wakipungua aliiweka. Wanafunzi wamejitanda majoho meusi, wanaimba ngazini, wanaimba darajani, wanaimba hata wakidaiwa kodi. Kitabu hakuna anayefungua. Mwishoni wote wanafaulu. Nikajiambia: bon, kumbe masomo ndiyo haya, na mimi niliyakimbia darasa la sita!

"Kijana akiimba chini ya dirisha," maman alinifafanulia, "msichana akizima taa na kuiwasha, amekubali." Akafuta machozi. Nami nikafuta yangu, kwa kitambaa cha vyombo.

Dirisha nilikuwa nalo tayari. Mtaa wa Saint-Josse, juu ya duka la Mturuki: binti wa papa mmoja, mzee wa Bukavu, anayesomea udaktari kweli kweli. Kanisani tulisalimiana tu. Nilitaka kujua jambo moja: ananiona mimi, ama anaona benchi niliyokalia?

Jumamosi moja ya Januari, saa kumi na moja jioni, giza la majira ya baridi limeshaingia, maman akaniazima shali yake nyeusi iwe joho. Nikasimama kando ya masanduku ya biringani, nikaimba Kireno nisichokielewa, kwa sauti ambayo jikoni ilisifiwa sana, hasa na masufuria. Mturuki akauliza kama nanunua ama naumwa.

Kule juu taa ikazimika. Ikawaka. Ikazimika tena!

Nikaongeza sauti. Dirisha likafunguka, akatokea papa yake.

"We kijana! Ni wewe unalia hapo?"

"Ninaimba, papa."

"Aa. Alors wacha kuimba, panda unishikie tochi. Hii taa inanichokesha tangu asubuhi."

Basi, mapenzi yangu yote yalikuwa waya uliolegea. Nikapanda. Binti akaitazama ile shali.

"Nani amekufa kwenu?"

"Hakuna muntu. Ni nguo ya wanafunzi."

"Wanafunzi wa wapi hao?"

Nikamsimulia filamu yote, hadi ile habari ya taa, huku nikicheka, ili akikataa iwe tulikuwa tunatania. Yeye hakucheka.

"Niko na mtihani lundi, kesho kutwa," akasema, akarudi kwenye mshumaa wake na kitabu kinene kama tofali. Soksi mbili mbili, vidole masikioni, anataja mifupa kwa midomo tu. Hiyo sehemu filamu iliisahau. Papa akapanda kiti. Nami tochi ikawa inateleza yenyewe kuelekea kitabuni.

"Kijana, waya iko huku juu!"

Mwishowe taa ikawaka, ikatulia. "Asante, mwana. Sasa enda, mutoto anasoma."

Nikashuka, shali kwapani, jibu sina. Mturuki aliyekuwa akifunga duka akanipa biringani moja, ya rambirambi nadhani. Nikainua macho mara ya mwisho.

Taa ikazimika. Ikawaka. Ikazimika. Ikawaka.

"Lakini we mutoto!" papa yake akapiga kelele kule juu. "Wacha kuchezea taa! Nimetoka kuitengeneza sasa hivi!"