Nilivyohani Penye Arusi

Saa kumi na dakika kumi alasiri nilimuua kijana wa watu kwa mdomo wangu. Kosa ni langu, simsingizii mtu. Jina niacheni nalo. Amu, yaani Lamu, ni mji mdogo, na wanaonijua wanatosha kunicheka.

Mimi ni mtu wa Siyu. Shule niliiacha darasa la saba. Yaliyobaki nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima na daftari. Siku hiyo nilivuka kwenda Amu kuhani, maana nilipigiwa simu kutoka Mokowe kwamba Bwana Shee, aliyekuwa akiniuzia makubadhi, viatu vya ngozi ninavyoshona, amefariki. Nyumba yake sikuijua. Mwenye akili angeuliza. Mimi nilikuwa nimechora ramani kwa maelezo ya simu!

Ramani ikanifikisha kwenye kichochoro kilichotandikwa mikeka. Wanaume wa kanzu wameketi kimya, nyuso zimekunjamana. Ndani wanawake wananong'ona. Nikajua ndipo. Nikamshika mkono mzee aliyekaa mlangoni, nikatoa maneno niliyoyahifadhi tangu asubuhi:

"Bwana, poleni sana. Mwenzetu ametangulia. Nimepigiwa simu kutoka Mokowe. Mungu amrehemu."

Mzee akaruka. "Nani ametangulia? Nani?"

Ndani binti akapiga yowe. "Athmani! Athmani amekufa maji!"

Lo! Hapo ndipo nilipoliona sinia la halwa nyuma ya mzee, na vikuba vya maua ya asumini juu yake. Arusi! Bwana arusi alikuwa anatoka Mokowe, boti imechelewa, simu yake haipatikani. Ule ukimya ulikuwa wa wasiwasi tu.

Kupotea nyumba humpata yeyote. Kosa langu la kweli ni kwamba nilikwisha fahamu, nikanyamaza! Kubabaika, kufadhaika, kutahayari, kufedheheka: maneno hayo yote ninayo daftarini, na tofauti zake nimeziandika. Hakuna hata moja lililonifungua kinywa. Binti wa watu analia, vijana wawili wameshatoka mbio kwenda gatini, nami nimesimama kama nguzo. Dakika mbili nzima!

Mwishowe nikasema, "Nimekosea nyumba. Nimekuja kwa kina Bwana Shee wa makubadhi."

"Bwana Shee tumemzika jana," akasema mzee. "Na Athmani je?"

"Athmani simjui, Bwana!"

Pazia la mlango likasogea. Kisha akachungulia bi mkubwa mmoja, nyanyake bibi arusi, leso kichwani. "Ndiye huyu aliyeniulia mkwe? Hebu nimwone." Akanitazama juu hadi chini. "Mwanangu, umepotea ndia tu. Usijikunyate, uko kwenu. Umetutoa machozi ya bure, sasa keti ule halwa ya bure."

Kichochoro kizima kikacheka. Nikamiminiwa kahawa. Mzee, ambaye ndiye babake binti, akanisogezea mto wa kuegemea. Lakini ndani kilio hakikukoma, na kila kwikwi ilinichoma.

Robo saa ikapita ndipo Athmani akatokea, kanzu imelowa hadi magotini. Injini ilikuwa imezimika karibu na Manda. Vigelegele vikapasua mji! Akakumbatiwa na kila mtu.

"Jamani, nimechelewa tu! Mbona mnanililia?"

"Muulize mgeni wetu," wakamjibu.

Nikatamani ardhi inimeze. Aliposimuliwa, akanishika bega. "Bwana, kaa ubavuni mwangu. Nikiwa mbele ya macho yako, hutanizika tena."

Nikakaa mpaka akdi ya ndoa ikaisha. Kisha bi mkubwa akatoa mtu anipeleke kwa wafiwa. "Asije akawapigia vigelegele," akasema.

Wenzangu mnaojifunza wenyewe, nawasihi: ulizeni! Na mkikosea mbele za watu, semeni papo hapo, hata kama uso unawaka moto. Haya yangu ilikuwa ya dakika mbili, na aliyeilipia machozi ni bibi arusi. Siku iliyofuata nilimpelekea tunzo. Pamoja na malazi, maana boti ya Siyu iliniacha, hasara yangu yote ni shilingi elfu tatu na mia nane.