Mafiga ya Bibi wa Kiwanja cha Kisimani

Bibi wa kiwanja cha kisimani amefariki, na kijiji kizima kimemzika. Nyinyi mnaoisoma safu hii mnajua kwamba mimi huandika polepole, sentensi moja leo na nyingine kesho. Safari hii kalamu imekimbia, kwa sababu siku ya kuondoa matanga niliona jambo ambalo sitaki lipoe kabla halijawafikia. Msishangae basi mkisoma habari ya msiba iliyoandikwa na mtu mwenye furaha.

Alizaliwa enzi za misafara. Baba yake alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani kabla reli haijafika, na kila aliporudi alikuta mtoto mwingine nyumbani. Walizaliwa kumi na wawili, na yeye, kwa kuwa binti wa kwanza, aliwabeba wadogo zake wote mgongoni. Akaolewa, akazaa, mumewe akafa kabla ya uhuru. Ndugu nao wakaondoka mmoja mmoja, na watoto wao wakahamia kwake. Alilima matuta ya karanga na mihogo tangu mvua ya kwanza, akiwa peke yake mbele na ukoo mzima ukimfuata nyuma. Tulipopita kwenda shule na kumwamkia, "Shikamoo bibi," aliitikia bila kuinua mgongo: "Marahaba. Mkirudi, jembe lipo." Wengi wetu tulirudi kwa njia nyingine.

Mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa, huku upande wa Kigwa, viwanja viligawiwa kwa wakuu wa kaya. Wagawaji wakaamua kwamba mjane mzee hahitaji kiwanja, atahesabiwa kwa shemeji yake. Shemeji alikuwa mtu mwema, lakini bibi hakutaka kumaliza umri wake kwenye kona ya ua wa mtu. Mkutanoni hakubisha. Alirudi kwenye nyumba yake ya zamani porini, akayang'oa mafiga yake, yale mawe matatu ya kutelekea chungu, akayabeba kichwani moja moja kupita miombo mpaka kiwanja kilichobaki wazi karibu na kisima. Kwetu mafiga yakishatua na moto ukawaka, hapo pana kaya. Na ukila kilichopikwa hapo, umeshamkubali mwenye nyumba, hata kama nyumba yenyewe haijapata ukuta.

Wapimaji walifika alasiri na kamba na vigingi vyao, wamechoka, njaa imewashika. Wakakuta moshi, ugali wa mtama na nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Sisi watoto tulikuwa tumekwisha kujaa pale tukitazama.

"Bibi, unafanya nini hapa?" mwenyekiti wa kijiji, aliyefuatana nao, akauliza.

"Napika. Naweni mikono."

"Lakini kiwanja hiki bado..."

"Mwanangu, kiwanja hakikimbii. Ugali unapoa."

Wakanawa. Walipomaliza, bibi alikusanya vyombo na kuuliza kwa upole, "Sasa, leo mmekula kwa nani?" Mwenyekiti akatazama chungu kitupu, akawatazama wenzake, kisha akachukua nyundo akapiga kigingi.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Tulikuwa na shauku ya kuanza upya, shule mpya, kisima kipya, shamba la pamoja, na wengi tuliamini kwamba kila cha zamani kimebaki kwenye mahame. Bibi hakuupinga upya huo. Shamba la pamoja alifika kabla ya kengele. Ila aliingia kijijini na mawe yake, na kijiji kikapata nafasi ya kuyaweka.

Sasa nirudi kwenye matanga. Bibi aliishi na mjukuu wake, binti aliyeachwa na mumewe akarudi na watoto wawili wadogo. Wazee wa ukoo walikaa na mwenyekiti, yule yule, ndevu zimeshakuwa nyeupe, wakakubaliana kwamba binti ataenda kwa mjomba na kiwanja kitapewa kijana anayetaka kuoa. Binti alisikiliza ameinama. Tatizo lilikuwa moja tu: mzee mmoja Mgogo, kibarua wa reli wa zamani na mtani wa ukoo ule tangu siku za wapagazi, alikuwa amekalia figa moja tangu asubuhi, na mtani msibani hafukuzwi.

"Ondoka hapo, Mgogo," mjomba akasema. "Unangoja chakula cha marehemu?"

"Nangoja. Na nyinyi Wanyamwezi mna ajabu. Babu zenu walibeba pembe za watu mpaka pwani, leo mnashindwa kubeba mjukuu mmoja." Watu wakacheka, mjomba naye akacheka. Mzee akainuka, akamgeukia binti. "Mama, njaa inaniuma. Washa moto."

Binti aliwasha. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyeondoka. Ugali ulipoiva pamoja na nsansa, mzee mwenyewe alichukua birika na bakuli, akawapita wazee wote wa ukoo, akasimama mbele ya mwenyekiti.

"Mwenyekiti, nawa. Au umeshiba?"

Mwenyekiti aliyatazama yale mawe. Nadhani alikuwa anakumbuka nyundo yake. Kisha alikunja mikono ya shati, akatandaza viganja, maji yakamiminika.

Nilichojifunza ni kwamba haki huombwa vizuri zaidi na mtu ambaye chungu chake kiko motoni. Bibi alilijua hilo, na hakufa nalo. Jana nilipita pale kisimani, binti yuko kwenye matuta ya bibi yake. Nilimsalimu, akaitikia bila kuinua mgongo, akasema jembe lipo. Nikaliokota.